Yaya wa Mwendo wa Wapagazi

Yaya yule Mnyamwezi aliajiriwa kwa muda tu, mpaka yaya Mgoa aliyeagizwa kutoka Dar es Salaam afike. Memsahibu, bibi Mzungu wa nyumba, alisema Mnyamwezi ni wa kubeba mizigo, si watoto, akakataza mwanawe kufungwa mgongoni. Alale kwenye kigari. Nassibu mpishi, mzaliwa wa mjini Tabora, naye alimtania: "Dada, hapa hatubebi pembe za ndovu." Yaya alicheka kidogo, akaendelea kusukuma kigari kwa mikono yake mipana, akiimba chini kwa chini wimbo wa safari wa babaye mpagazi.

Mchana mmoja meno yalimtesa mtoto, akalia hadi sauti ikamkauka. Yaya akamfunga mgongoni kwa kaniki, akaanza kutembea barazani, magoti yakilegea kidogo kila hatua, kana kwamba pwani ingali mbali. Nassibu, aliyeiona misafara utotoni, aliutambua mwendo ule, akasahau chungu mekoni. Kilio kikafifia, kikakoma. Ndipo mlango ukafunguliwa, Nassibu akajua dada atafukuzwa kazi. Memsahibu alimtazama mwanawe aliyelala, akavua viatu vyake vya visigino, akanong'ona: "Usisimame."