Sweta Lililopimwa Juu ya Dera

Nilifuma sweta la sufu hapa Kisauni wakati wa kaskazi, joto la kukausha mate. Sijui kama ilikuwa akili. Binti yangu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko bara, mahali wanaposema maji ya asubuhi yanakata vidole, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kuondoka. Masweta ya mitumba yapo tele sokoni, tena mazuri, siwezi kuyasema vibaya. Lakini nilitaka aende na joto lililotoka mikononi mwangu.

Jirani yangu, mama wa bara anayeuza mboga karibu na lango letu, ndiye aliyenifunza kufuma rangi mbili: uzi wa zambarau ukifanya kazi, mweupe unangoja nyuma bila kuvutwa. Mimi nilivuta mara nyingi. Viganja vilitoka jasho, uzi ukanata, ikabidi nijipake poda ya mtoto na kufuma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Shemeji yangu kila akipita: “Shemeji, wewe walifumia friji? Maskini, nalo laona baridi!”

Jumatano nikamaliza. Binti yangu akalivaa juu ya dera lake jepesi la nyumbani, lile lile alilovaa nilipompima, na sweta likamkaa kama ngozi. Nilijisifu, nakiri. Nikamwita jirani aje aone.

Akamzunguka. “Imetoka vizuri, mama. Sasa shati atavalia wapi?”

“Shati la nini, dada? Si sweta hili?”

“Huko asubuhi mtu anavaa fulana, shati, halafu sweta. Zote pamoja.”

Mimi tangu nizaliwe sijavaa nguo tatu kwa pamoja. Tukamvalisha zote. Sweta liliingia kwa kusukumwa, mikono ikabaki imetanuka pembeni, hata kujikuna pua hawezi. Tulicheka sote, mpaka binti yangu akasema taratibu, “Basi mama, nitachukua la mtumba.” Hapo nikamvua, nikaanza kutafuta ncha ya uzi nilifumue.

Kusema haki, jirani aliniambia tangu mwanzo nizidishe upana. Nilidhani ni mambo ya watu wa bara tu, kila kitu wanakipenda kikubwa.

“Tusifumue,” jirani akasema. “Tufungue mshono wa mbavuni, tuongeze kipande kutoka chini hadi kwapani, kiendelee mpaka mwisho wa mkono.”

Uzi wa zambarau ulikuwa umekwisha, ukabaki mweupe. Yeye akafuma ubavu wa kushoto huku akihudumia wateja wa sukumawiki, mimi wa kulia. Wake ulinyooka. Wangu umepinda kidogo karibu na kwapa, na si kosa la uzi.

Jumapili asubuhi, tuktuk ikingoja mlangoni, binti yangu akarudi ndani. Alipotoka alikuwa amevaa fulana, shati na sweta, jasho limemjaa usoni.

“Mama, tazama!” Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akapiga makofi.

“Mvueni kabla hajaiva!” shemeji akapiga kelele.

Labda alitaka kunifurahisha tu, sijui. Lakini mikono ilifika juu. Hilo nililiona kwa macho yangu, na jirani ni shahidi.