Mshika Sauti wa Mtaa wa Juu

Kosa lilikuwa la Zhora. Huyo mwenye duka pale njia panda hajawahi kuona jambo akalinyamazia. Alimwona Shavarsh akishuka kwenye basi dogo linalotoka mjini Gyumri, begi mgongoni na kisanduku chembamba cha zumari kwapani, na wala hakungoja kuona kama kuna mwingine anashuka nyuma yake. Alitoka nje na aproni yake, akapaza sauti mpaka ikafika mtaa wa juu: "Wanamuziki wamerudi! Jamani, wanamuziki wamerudi kutoka Ulaya!"

Na huku kwetu Sarnakar, kijiji cha milimani Armenia, mtu akirudi kutoka safari ndefu, anayepongezwa kwanza ni mama yake. Kwa hiyo Shavarsh alipomaliza kukipanda kilima, akitweta, maana alikwisha vuka miaka sitini, alikuta ua wa mama Nvard, mama wa mwenzake Hrant, umejaa watu. Majirani walikuwa wanambusu bibi wa watu mashavuni, mmoja baada ya mwingine. "Macho yako yamepata nuru, mama Nvard!" Naye anajibu, "Na yenu yapate, na yenu yapate, nyote mlio na watoto mbali!" Alikuwa amevaa kitambaa chake cha sikukuu, na mezani amekwisha weka jibini, zabibu kavu na chupa ya gongo la forosadi.

Alipomwona Shavarsh alimkumbatia, lakini macho yake yalipita juu ya bega la Shavarsh, yakaenda getini, yakabaki huko.

"Mwenzio yuko wapi? Amesimama kuvuta sigara tena?"

Ua mzima ukamgeukia. Shavarsh alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia nzima, tangu kwenye ndege, alikuwa amejipangia aende kwake kimyakimya, afunge mlango, Hrant ampigie mama yake simu aseme mwenyewe. Hakupanga kusimama mbele ya nusu ya kijiji na glasi mkononi.

"Anakuja, mama," akasema. "Wiki ijayo. Kuna karatasi anamalizia kule."

"Karatasi gani?"

"Za... mikataba."

"Si mnajua, mkubwa ndiye anayesaini!" akadakia Zhora, ambaye alikuwa ameliacha duka wazi ili asipitwe. "Huyu wetu ni wa kubeba mabegi tu!"

Watu wakacheka. Shavarsh naye akacheka, akalimimina gongo kooni, na uwongo ukawa umeshazaliwa, una mashahidi na umepongezwa.

Ukweli ni kwamba Hrant alikuwa harudi. Si wiki ijayo, si majira ya kuchipua, harudi kabisa.

Baba yake Hrant, marehemu Vagho, ndiye aliyewafundisha wawili hawa, wakiwa wadogo hata zumari hawajaweza kulizungushia vidole vizuri. Duduki, lile zumari letu la mti wa aprikoti, halipigwi peke yake. Mmoja anapiga wimbo, mwingine anashika sauti moja ya chini, hiyo hiyo, bila kukatika, anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa. Mzee Vagho aliwasikiliza, akamwambia mwanawe, "Wewe utapiga." Kisha akamgeukia Shavarsh. "Na wewe una mapafu, halafu huna haraka. Utashika."

Akashika. Alishika harusini na mazishini, akashika kwenye ukumbi wa Moscow enzi zile za Usovieti, na baadaye Marseille na Berlin na miji mingine ambayo aliijua kwa hoteli zake tu. Watazamaji walisimama wakapiga makofi, Hrant akainama, kisha akanyoosha mkono kumwonyesha Shavarsh, naye akainama kidogo. Mtu akiuliza kazi yake, alisema, "Namshikia Hrant." Mkewe alikuwa akimwambia, "Ungekuwa unanisikiliza mimi hivyo, tungekuwa mbali." Mkewe huyo alikwenda Krasnodar, Urusi, kwa binti yao kumsaidia uzazi. Mtoto sasa anakwenda shule, na bibi yake bado anasaidia uzazi.

Safari hii ya mwisho, huko Lyon, wakati wa chai ya asubuhi, Hrant alimwambia huku anapaka siagi mkate. Kuna kijana amempata, mtoto wa Waarmenia wa kule kule. Anashika vizuri, na ana makaratasi ya kuishi kule. Kuna mwanamke pia. Kuna nyumba. "Wewe umechoka, ndugu yangu. Nenda kapumzike." Ndivyo alivyosema! Miaka yote ile, na akammaliza kabla yai halijapoa. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, akaongeza, "Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, taratibu." Shavarsh akaitikia. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumkatalia Hrant kitu.

Basi sasa alikuwa nyumbani, na nyumbani kulikuwa baridi. Panya walikuwa wameingia kwenye godoro. Asubuhi ya kwanza aliamka akanyoosha mkono kutafuta taa ya hoteli, akagusa ukuta wenye unyevu. Alichimba viazi vilivyobaki kabla havijaganda, akapasua kuni, akapanga kabichi na chumvi kwenye pipa ingawa hakujua nani atazila zote. Siku nzima ilipita bila kumsikia mtu ila mbwa wa mtaa wa chini. Mtaa wa juu ulikuwa umebaki na nyumba mbili zenye watu, yake na ya mama Nvard. Nyingine zote zina kufuli, wenyewe wako Urusi.

Jioni alijaribu zumari. Alidhani labda, baada ya kusikia nyimbo zile maisha yake yote, zitakuja zenyewe. Vidole vilizijua. Lakini sauti ilitoka ya kuomba radhi, kama mtu aliyevaa koti la mwenzake akaogopa kulichafua. Akaziacha. Akashika sauti yake ile ya chini kidogo, peke yake chumbani, na upweke ukambana mpaka akalitoa zumari mdomoni haraka. Alilia, ndiyo. Mtu mzima na masharubu yake.

Wiki ikapita. Hrant alimpigia mama yake simu, na Shavarsh, aliyekuwa anampangia bibi kuni, alimsikia bibi akisema kwa furaha, "Wiki ijayo? Haya, mwanangu. Usisahau kuvaa soksi." Mwoga mkubwa yule! Wiki nyingine ikapita. Wanawake wa mtaa wa chini wakapanda kumsaidia bibi kuoka lavashi, mikate myembamba ya majira ya baridi. Walioka siku nzima, wakaipanga kama mashuka yaliyofuliwa. Bibi alikaa ukingoni mwa tanuri akiwahimiza, "Ongezeni, ongezeni, Hrant anakula kama farasi!" Shavarsh alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Alipewa mkate wa moto wenye jibini ndani, akautafuna amewapa mgongo.

Jumapili akaja Gohar, binti wa bibi, na mumewe na gari, kumchukua mama yake akae nao Gyumri mpaka theluji iyeyuke. Kila mwaka hufanya hivyo, maana theluji ikishafunga barabara, mtaa wa juu hauna mtu wa kumwita. Majira ya baridi ya mwaka juzi bibi mmoja wa nyumba ya tatu alikataa kwenda kwa watoto wake. Walimkuta baada ya siku kadhaa, jiko limezimika na yeye amekaa kitini na shali yake.

"Siendi," alisema mama Nvard.

"Mama, wiki hii theluji inaanguka. Redio imesema."

"Redio haina mtoto. Mwanangu afike akute mlango una kufuli? Akute jiko baridi? Mwendawazimu mimi?"

Gohar akamfuata Shavarsh kwenye kuni, macho mekundu. "Kaka Shavarsh, wewe anakusikiliza. Zungumza naye, tafadhali. Jumapili ijayo nakuja tena, na hiyo ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo hata trekta halipandi."

"Nitazungumza naye," akasema Shavarsh. Gohar akamshukuru, akambusu shavuni, na lile busu lilimuunguza.

Alizungumza kweli. Alimwambia bibi aende, Hrant atamkuta Gyumri. Bibi akamtazama, akamwambia, "Wewe nawe! Umezeeka mpaka akili?" Akamwekea supu.

Hapo Shavarsh akampigia Hrant simu. Alikuwa hajawahi kumpandishia mtu huyu sauti, sasa akapandisha. "Mwambie leo! Hatoki nyumbani kwa sababu yako. Atakufa humu, unasikia?"

"Usinitie presha, bwana. Nitamwambia mwaka mpya. Tuna shoo tatu."

"Mwaka mpya atakuwa ameshakauka!"

Kwa nyuma Shavarsh alisikia zumari. Mtu alikuwa anajaribu mwanzi mpya wa kupulizia, anashika sauti ya chini, vizuri, bila kutetereka. Hrant akashusha pumzi. "Shavarsh, ndugu yangu. Kazi yako wewe ni kushika tu. Basi shika."

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Jumapili theluji ilianza kudondoka kabla ya saa sita. Shavarsh alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe la jukwaani kwa sababu safi lilikuwa hilo tu, akachukua zumari akaenda. Mwenyewe hakujua kwa nini amelichukua. Njiani alikuwa anayapanga maneno. *Mama, Hrant hatarudi.* Maneno matatu tu, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

"Ala! Umependeza," alisema mama Nvard. "Umekuja kuchumbia?" Alikuwa ameketi karibu na jiko la chuma, anamaliza soksi ya sufu, kubwa, ya mwanamume.

"Mama," akasema.

"Naam."

Jiko linalia. Akafungua mdomo, akaufunga, akakihamisha kisanduku kwapa la pili.

"Mbona umekuwa hivyo? Unaumwa?" Akaona kisanduku, uso ukamchangamka. "Umekuja kunipigia! Nipigie basi, mwanangu. Ule wa Vagho, wa kutoa bibi harusi kwao."

Akaulowesha mwanzi, akauweka mdomoni, akaanza.

Sauti ile ya chini ikajaa chumba. Mama Nvard akafumba macho, soksi mapajani. Aliujua wimbo ule kuliko wote waliobaki hai. Mume wake aliupiga, mwanawe aliupiga, na kila mara mshika sauti ndiye anayeanza peke yake kidogo, halafu wimbo unaingia. Kichwa chake kikayumba polepole, akingoja. Pale wimbo unapoingia, akanyanyua kidole kumkaribisha.

Wimbo haukuingia. Shavarsh akaendelea kushika.

Kidole kilibaki juu. Bibi akatabasamu kidogo, kama mtu anayemsubiri mtoto mwenye aibu. "Ingia basi," akanong'ona.

Shavarsh akavuta pumzi kwa pua, akashika. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye masharubu, na sauti haikutetereka, maana hiyo ndiyo kazi pekee aliyofundishwa. Akashika mpaka zamu ya kwanza ya wimbo ikapita tupu, na ya pili ikapita tupu. Kidole cha bibi kikashuka. Alifumbua macho, akamtazama Shavarsh, shati lake jeupe, machozi yake.

"Hatarudi," akasema.

Shavarsh hakuthubutu kulitoa zumari mdomoni. Akilitoa atalazimika kusema.

"Acha! Acha nimesema!" Akamrushia ile soksi, ikampiga kifuani na sindano zake. "Wiki zote hizi! Umekaa mezani kwangu, umekula mkate wangu na uwongo mdomoni! Na mimi naoka, mimi nachekwa na majirani! Nimewakosea nini nyie watoto?"

"Aliniambia nisiseme, mama."

"Aliniambia, aliniambia! Wewe huna mdomo wako?"

Bibi akalia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, akijipiga magoti, na Shavarsh akasimama katikati ya chumba na zumari lake. Kilio kilipomwisha alijifuta kwa ncha ya kitambaa, akainuka mwenyewe, akaanza kukusanya nguo. Gari la Gohar lilipopiga honi getini, mlango ulikuwa umeshafungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Gohar alitaka kuuliza, akamwona mama yake usoni, akaenda kumfungulia mlango wa gari.

Shavarsh alibeba mzigo mpaka garini. Theluji ilikuwa imeshafunika kofia yake. Mama Nvard akaketi, akashusha kioo, akamtazama kwa muda mrefu, na hasira ikampungua kidogo kidogo.

"Huko alikobaki," akauliza, "nani anamshikia?"

"Kuna kijana, mama. Anashika vizuri."

"Na wewe? Wewe utamshikia nani sasa?"

Shavarsh alitaka kusema kitu cha mzaha, cha kumwondolea bibi wasiwasi.

"Hakuna, mama," akasema.

Bibi alitoa mkono dirishani, akampangusa theluji begani, kisha gari likaondoka polepole, likateleza kidogo kwenye kona, likapotea penye duka la Zhora. Shavarsh akageuka kupanda. Mtaa wa juu haukuwa na bomba hata moja linalotoa moshi, na ndipo akakumbuka kwamba tangu asubuhi hakuwa amewasha jiko lake.