Sauti ya Bibi Ubaoni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, nikiikumbuka mwili hunisisimka hadi leo. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu hapa Kibaha, kijana wa Maneromango kule Kisarawe, na Kiingereza changu nilikitembeza kama shati jipya la Idi.

Darasani tulikuwa na binti wa Kisukuma, Nyanzala. Ulimi wake haukuizoea r. Siku hiyo alisimama kusoma kwamba kwao hula wali kila siku, lakini badala ya "rice" likamtoka "lice".

"Jamani, kwao wanakula chawa!" nikapaza sauti.

Darasa likaangua kicheko. Nyanzala akaweka kitabu, akatoka nje analia.

Mwalimu wetu, mzee wa maneno machache, hakunigombeza. Alisema tu, "Tamka kitu cha kwenu, kwa Kizaramo."

Nikatamka vile Bibi alivyokuwa akiniita nije kula. Bibi alikuwa amefariki mwaka uleule. Mwalimu akaandika ubaoni kwa zile alama za matamshi ambazo wengi wetu tulizikimbia: herufi zenye mikia, kijistari cha mkazo, mishale ya sauti kupanda na kushuka. Kisha akamwita Nyanzala arudi ndani; huko nje hakuwa amenisikia.

"Soma."

Akafuta machozi. Midomo ikapima kwanza, kimyakimya. Halafu akasoma.

Mwanangu! Binti asiyewahi kukanyaga Kisarawe, asiyejua Kizaramo hata neno moja, aliniita kama Bibi. Bibi alipovuta, naye akavuta; Bibi alipopandisha mwishoni, naye akapandisha. Nilijikuta nimesimama, kama mtoto aliyeitwa kweli.

"Sikio lake limefika mbali kuliko lako," Mwalimu akaniambia. "Ulimi utafuata."

Nikamwomba Nyanzala radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe, kaka. Ila na wewe kila siku unasema 'sink' ukitaka kusema 'think'."

Nyani haoni kundule! Tukawa tunafundishana, yeye th, mimi r, na ulimi wake ukafuata kweli. Alikuja kufundisha Kiingereza Mlandizi miaka mingi, na mimi hadi leo th hunitoroka nikiwa na haraka.

Basi mwanangu, jifunze matamshi, ujue neno linakazwa wapi na sauti inashukia wapi. Siku hizi hata simu itakutamkia. Lakini anayekosea mbele yako msahihishe kwa upole, maana hujui amebeba nini usichonacho. Mungu akupe sikio pana kuliko mdomo, na ulimi wako usimtoe mtu machozi.