Baraza Niliyoijenga Kichochoroni

Mwaka ule meli zilipoanza kuchelewa kufika bandarini, mimi karani wa makontena nilijiona profesa. Kila jioni nilikaa kwenye baraza niliyoijenga kichochoroni, ubavuni mwa nyumba yangu Bombolulu, nikiwafafanulia majirani maneno ya redioni. Nililipenda zaidi hili: mlangobahari wa kimkakati.

"Si wembamba wake tu," niliwaambia. "Pembamba baharini ni pengi. Huu ni ule ambao ukizibwa, meli haina budi kuzunguka mbali. Anayeushika amewashika wote."

Waliitikia kwa vichwa, nami nikavimba.

Jirani wa nyumba ya nyuma, fundi wa viatu vya ngozi anayetumia kiti cha magurudumu, zamani alipita kichochoro hicho kila asubuhi akienda karakana. Tangu baraza ikamilike sikumwona tena. Nilidhani anaringa. Jioni moja alisimamisha kiti chake mwisho wa kichochoro, upande wa kwao, akasikiliza. Nikamtania mbele ya watu: "Mwenzangu, umetususa siku hizi?"

Alicheka kidogo. "La, jirani. Nna swali tu. Huyo azibaye mlango, ajua meli zazungukia wapi?"

"Ajua sana," nikajibu. "Ndiyo nguvu yake."

"Haya."

Akageuza kiti taratibu. Magurudumu yalikuwa yamegandwa na matope mekundu, na matope hayo mtaani petu yako mahali pamoja tu: nyuma ya bucha, kwenye njia ndefu ya kuzungukia hadi lami.

Mzee mmoja aliyeketi kando yangu aliitazama baraza, kisha akautazama ukuta ulio mkabala nayo. Niliona aibu. Miezi minne mtu yule alijisukuma matopeni ili mimi nipate pa kukalia na kusifiwa, na sikuwahi kupima nafasi iliyobaki hata kwa mkono. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupima mizigo ya watu.

Asubuhi nikachukua sururu, nikaivunja baraza. Nilikuwa bado nazoa kifusi alipopita na kiti chake, bila kugusa ukuta.

"Ahsante sana, jirani," akasema. "Mungu akubariki."

Nilitamani anitukane. Alinishukuru kana kwamba ile njia ilikuwa yangu.