Mkwara Kwenye Ingobyi

Kabla mambo hayajaharibika, Alhamisi yangu ilikuwa siku ya poka. Kwetu ni Burundi, kilima cha pili ukishavuka kijito cha mpaka, lakini riziki yangu ilikuwa Kibondo. Nilinunua viatu vya mitumba pale mjini, nikavifunga nyuma ya baiskeli na kwenda kuviuza nyumbani. Nikimaliza kununua, nilipita nyuma ya duka la Mzee Shaibu, mtu wa Tanga aliyeoa Kibondo akasahau kurudi kwao, tukageuza kreti la soda kuwa meza.

Hatukuchezea fedha, maana Mzee Shaibu alikuwa mtu wa swala tano na kamari aliiogopa. Tulichezea maharage ya Busunzu. Mwisho wa mchezo mkewe aliyapika yote, mshindi na mshindwa wakala chungu kimoja. Mtu wa tatu alikuwa dereva wa serikali aliyehamishwa kutoka Singida, ambaye alishindwa kila wiki na kula kuliko sisi wote.

Poka ni mchezo wa uso. Kila mtu ana karata zake anazoziona peke yake. Unaongeza maharage mezani, na mwenye hofu anatupa karata zake. Ukibaki peke yako, maharage ni yako hata kama mkononi umeshika takataka. Huko ndiko kupiga mkwara, na mimi sikukuweza.

"Nestori, uso wako unasomeka kama tangazo la mnada," Mzee Shaibu aliniambia. "Halafu una ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Ukimtisha mtu akakimbia, unamfunulia karata zako umcheke. Sasa kesho atakimbia tena?"

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na niliona raha ya kushinda ni mwenzio ajue umemshinda.

Nyumbani nilimfundisha kaka yangu Melkiori mchezo huo, na ndani ya mwezi mmoja akawa ananila atakavyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mlinzi wa mama yetu tangu baba afe. Hukujua kama ana njaa au ameshiba.

Mwaka 2015, masika bado yananyesha, kwetu kukachafuka. Milio ya risasi tuliyoisikia kwanza kwenye redio tukaanza kuisikia kwa masikio yetu. Vijana wa vilima vya jirani waliangusha mti kwenye njia ya mpakani, wakakaa pale na marungu, mapanga na bunduki moja. Wanawake na wazee waliruhusiwa kupita. Mwanamume wa rika langu akielekea Tanzania alihesabiwa kuwa anafuata silaha. Wauza viatu wenzangu wawili walichukuliwa pale kizuizini, na baiskeli zao tukaziona zikiendeshwa na wengine. Kisha jina langu likaanza kutajwa.

Mama alisema, "Huyu lazima avuke." Melkiori akaenda kuomba ingobyi.

Ingobyi ni machela yetu ya kusukwa, yenye miti miwili mirefu ya kubebea. Kila kilima kina yake, na kila mwanamume hapo kilimani ana zamu ya kubeba. Sheria yake ni moja: ukikutana na ingobyi yenye mgonjwa njiani, unaweka chini ulichobeba, unaingiza bega. Hata kama mgonjwa ni adui yako. Asiyeingiza bega, siku yake ikifika hana wa kumbeba.

Asubuhi ya kuvuka nilitembea na wabebaji wanane mpaka karibu na kona ya mwisho, kwa sababu kulikuwa na utelezi na Melkiori alitaka wafike wakiwa na nguvu. Pale ndipo nilipolala, nikafunikwa blanketi, kitambaa chenye damu ya kuku kikawekwa mdomoni.

"Usiugulie," Melkiori aliniambia. "Anayeugulia sana hafi."

Tukafika.

"Nani huyo?" Niliitambua sauti. Ilikuwa ya Jeremi, mtoto wa fundi baiskeli aliyenizibia pancha miaka yote. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kizuizi.

"Ndugu yangu. Anatapika damu," Melkiori akasema. Hakuongeza neno.

Blanketi likafunuliwa upande wa miguu, likarudishwa.



Nikasikia panga likiwekwa chini, na jingine, na jingine. Ingobyi ikayumba, mabega yakabadilishana. Vijana wale wale waliokuwa wakinitafuta walinibeba kuvuka ule mti, wakateremka nami mpaka karibu na kijito. Jeremi alikuwa mbele upande wa kulia. Nilimsikia akihema. Nilikaza kila msuli wa mwili wangu nisitetemeke.

Ng'ambo ya kijito nilishuka nikalia, kisha nikacheka. Melkiori hakucheka. Alinishika kichwa kama tulivyokuwa watoto, akageuka na wenzake kurudi kwa mama.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nyuma ya duka. Mzee Shaibu na dereva walinikumbatia, nao wakataka kujua nimepitaje. Nikawasimulia. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Nilimwigiza Jeremi anavyohema, nikaigiza wale vijana wanavyoteleza kwenye matope chini ya uzito wa mgonjwa aliyekula ugali saa moja kabla. Dereva alicheka hadi akashika mbavu. Pembeni walikuwapo wachukuzi wawili wa chumvi, wazee wa kwetu, waliokuwa wakisubiri mzigo wa kuvusha. Nao walicheka sana.

Mzee Shaibu peke yake hakucheka. Alisubiri wale wachukuzi waondoke. "Nestori, mama yako bado yuko kule," alisema. Nikamjibu kwamba mama ni mzee na wazee wanapita bila taabu.

Wiki ya tatu mama alishikwa na tumbo. Lilivimba likawa gumu, na kutembea hakuweza. Melkiori akanitumia ujumbe kwamba wanamleta hospitali ya Kibondo kwa ingobyi. Nilikwenda kuwasubiri kwenye kijito tangu alfajiri, nimejibanza kwenye matete upande wa Tanzania. Kizuizi sikukiona, ila sauti zilinifikia.

Nilisikia wabebaji wakija, kisha nikasikia amri kwa sauti ya Jeremi.

"Ashuke."

Melkiori alisema, "Ni mama yetu. Anaumwa."

"Ashuke atembee. Tumeambiwa kila ingobyi ifunguliwe."

Mama yangu alilia. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata siku ya kumzika baba.

Nilisimama. Nikakaa. Ningevuka, ningekufa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya kweli, lakini haijawahi kunisaidia.

Nilisikia wakimsimamisha. Akaanguka. Wakamsimamisha tena. Melkiori akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akapiga kelele. Nikasikia rungu, kisha watu wakikimbia.

Jua lilikuwa limefika utosini walipomwachia mama. Wabebaji walikuwa wametawanyika. Waliomleta ni Adela, mke wa Melkiori, na wanawake wengine watatu. Kwetu mwanamke habebi ingobyi, lakini wao waliibeba, wakateremka nayo utelezi ule wakiwa pekupeku. Nilivuka maji kuwapokea na kuingiza bega.

"Mume wangu wamemchukua," Adela alisema. Hayo tu.

Mama alifia njiani, hatujaanza hata kupanda kuelekea barabara kuu. Alikuwa ameniangalia kidogo, akauliza kama nimekula. Tulimzika Kibondo, kwenye ardhi ambayo mwenye shamba alituazima kwa huruma. Melkiori hatujampata mpaka leo, wala mwili wake, wala mtu wa kusema alimwona.

Adela alipokwisha kuvusha watoto wake, tulipakiwa kwenye mabasi pamoja na wengine, tukapelekwa kambini Kasulu. Mimi na Adela tulipewa viwanja viwili vilivyopakana. Nikajenga kibanda chake na wanawe kwanza, halafu changu.

Mwisho wa mwaka ule ule, nikiwa kwenye foleni ya maji, mtu akaniita jina. Alikuwa Jeremi. Alikuwa amekonda, na sikio moja halikuwapo. Vita havina rafiki. Waliokuwa wakimtuma walikuwa wamemgeuka, naye akakimbilia kulekule alikozuia wengine wasikimbilie. Nilishika dumu langu kwa mikono miwili. Nilitaka kumpiga nalo.

"Nipige," alisema, "lakini kwanza nisikilize. Siku ile nilijua huumwi."

Nikamwambia anasema uongo.

"Nimebeba ingobyi tangu nina miaka kumi na mitano, Nestori. Mgonjwa hulegea, uzito wake wote unakuwa wako. Wewe ulikuwa umejikaza. Na nilipofunua miguu, nyayo zako zilikuwa na matope mabichi. Mgonjwa wa kutapika damu ametembea wapi?"

"Kwa nini ulinibeba?"

"Ulikuwa unatuletea viatu. Sikutaka ufe." Alitazama chini. "Ningekaa kimya maisha yangu yote. Lakini wachukuzi wa chumvi walikuja wakisimulia jinsi ulivyotucheka. Habari ikamfikia aliyekuwa juu yangu. Akaniambia ingobyi nyingine ikipita bila kufunguliwa, kwenye itakayofuata nitalala mimi. Mama yako nilimjua anaumwa kweli, hata kabla hawajafika. Nilisikia jinsi walivyokuwa wakitembea."

Kwa miezi nilijivunia uso wa kaka yangu na ujasiri wangu wa kulala kimya chini ya blanketi. Kumbe sikumshinda mtu. Mtu alikuwa amenihurumia, nami nikaenda kumchekesha dereva kwa huruma hiyo. Nilimuuliza kuhusu Melkiori. Alisema alichukuliwa na wengine, yeye hakujua wapi. Labda ni kweli. Sina tena kipimo cha kujua anayesema kweli na anayedanganya, na nadhani sikuwahi kuwa nacho.

Jeremi alihamishiwa kambi nyingine, na sijui kama yu hai. Adela hakumwona, wala sikumwambia kwamba alipita.

Miaka imekwenda. Adela bado ananipikia, kwa sababu mimi ni shemeji yake na ndimi mwanamume aliyebakia kwenye ukoo. Kila Jumapili, kabla hatujala, anasali mbele ya watoto wa Melkiori. Anamwomba Mungu amlaani Jeremi, yeye na uzao wake, kwa kumshusha mgonjwa kwenye ingobyi na kumla mume wake. Analitaja jina lake taratibu, watoto wasilisahau. Akimaliza ananitazama, akingoja.

Nami huitikia, amina.