Makoti Sebuleni

Mimi nikishaamua jambo, nimeamua. Mchungaji alipoomba mtu azungumze na akina mama kuhusu kupunguza hita majumbani ili kuokoa gharama, nilisimama hata hajamaliza sentensi. Na nilieleza vizuri, sisemi kwa kujisifu: punguza hita kidogo, funga milango ya vyumba visivyokaliwa, vaa soksi. Wote wakaitikia amina. Wiki ile ile ibada ya nyumbani ilikuwa kwa dada mmoja hapa mtaani Kings Heath, na sebule yake ilikuwa na joto la kuivisha ndizi.

Jumuiya yetu huku ughaibuni ni ya Wakenya na Wakongo, na tunasali kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Tuna desturi ambayo hakuna aliyeitunga: mgeni akifika, mwenyeji anampokea koti mlangoni. Ukikaa na koti lako, umemwambia mwenye nyumba kwamba kwake hakukaliki. Basi kila mwenyeji huwasha hita tangu asubuhi asije akaaibika, na wa zamu inayofuata huongeza zaidi. Hotuba yangu ingeshindana vipi na aibu?

Kulikuwa na mama mmoja Mkongo, mjane, anayekaa mtaa wa Tyseley. Zamu yake ilipofika alisema anaumwa. Ilipofika tena, akasema anasafiri. Halafu akaacha kuja kabisa, maana asiyekaribisha wenzake huona haya kukaribishwa. Nikampitia siku moja nikitoka kazini. Alinipeleka chumba cha nyuma, kidogo, chenye joto la kutosha. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa.

“Niko peke yangu, chumba moja inanitosha,” aliniambia. “Lakini nitaita batu namna gani mu salon ya baridi? Batasema nini? Ni haya, ma sœur, dada yangu.”

Iliniuma. Tena nilikasirika, ila si naye. Katika jumuiya nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akifanya nilichohubiri, na ndiye tuliyekuwa tunampoteza.

Zamu yangu ilipofika sikuhubiri. Nilizima hita mchana, nikachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria ya sherehe, nikavaa koti langu jekundu la kutokea.

“Mum, are you going out?” binti yangu aliuliza.

“Siendi popote. Napokea wageni.”

Wa kwanza kufika alikuwa yule dada wa joto la ndizi. Alivua koti akanipa, nikamrudishia.

“Kwani heating imeharibika?”

“Iko sawa, nimeizima tu. Vaa koti, ingia, chai iko moto.”

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Lakini mwenye nyumba mwenyewe kavaa koti; yeye akikaa na lake, atamwaibisha nani? Wakajazana sebuleni na makoti yao, wakanicheka, wakaniita muuza mitumba. Kisha tukaimba, na kabla ya maombi watu walikuwa wameanza kufungua vifungo wenyewe. Wiki iliyofuata mwenyeji mwingine alitupokea akiwa amevaa koti, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Hapo ndipo nilipompigia simu mama wa Tyseley. Nilimweleza yote.

“Hata wewe ulivaa koti mu nyumba yako?” aliuliza.

“Hata mimi, mama. Na wote walikaa mpaka mwisho.”

Akaomba apewe zamu.

Siku hiyo tulifika kwa pamoja, tukasimama mlangoni pake bila kujua mikono yetu tuiweke wapi. Alifungua akiwa na koti jeusi, limefungwa mpaka shingoni. Nyuma yake mlango wa sebule ulikuwa wazi, viti vimepangwa, na ubaridi wa chumba kilichokaa bila watu ulitufikia hadi nje. Alitutazama mmoja mmoja na makoti yetu. Hakunyoosha mkono kupokea hata moja.

“Muingie vile vile,” alisema. “Muko kwenu.”