Zeze Haliwekwi Chini

Ukiwauliza watu wa kijiji cha Kusurgaon habari za Sarubai, watakuambia kwanza kwamba ni mkaidi. Ni kweli. Mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na miaka thelathini na minne, akakataa kurudi kwao, akakataa kuwaachia shemeji zake shamba la vitunguu, akalilima mwenyewe mpaka mwanawe akaoa, angekuwa laini angekula nini? Ukaidi ndio uliompikia mkate wa mtama.

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishaloanisha shamba, hulipa kisogo akaenda kwa miguu mpaka Pandharpur, kwa Vithoba, mungu mweusi aliyesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, akiwangoja watu wake. Ni mwendo wa siku kumi na nane. Kundi la Kusurgaon lina mpangilio wake: mbele wenye bendera, kisha wapiga matoazi na mpiga ngoma, katikati mshika zeze, na nyuma kabisa wanawake, vyungu vya mrehani mtakatifu kichwani. Na njiani wote, wanaume kwa wanawake, huitana Mama, kwa heshima.

Zeze hilo lina sheria nyingi kuliko mahakama. Tangu litoke kijijini mpaka lifike hekaluni haliwekwi chini, watu wale wasile, walale wasilale. Watu hulipokezana. Aliyelishika ndiye huanzisha nyimbo, na ndiye humchagua wa kumpa. Hakuna ruhusa ya kumpokonya. Na anayelipokea, awe nani, watu wote humwinamia na kumgusa miguu. Kusurgaon, "awe nani" maana yake awe mwanamume yeyote.

Sarubai alizijua nyimbo zote. Baba yake alikuwa mshika zeze, na binti alizimeza nyimbo hizo malishoni, nyuma ya mbuzi. Alizijua hata zile ambazo mzee Bhikoba, mshika zeze wa sasa, hukosea mstari wa tatu kila mwaka. Kwa miaka kumi na tisa aliyasikia makosa hayo kutoka nyuma akauma meno. Mara moja tu alimwomba Tatyaba, kiongozi wa kundi, naye ashike japo nusu siku. Tatyaba alicheka mpaka akakohoa. "Halafu sisi wanaume tubebe vyungu?"

Mwaka huo wa kumi na tisa, siku ya kumi na nane, vilele vya hekalu vilikuwa karibu kuonekana. Bhikoba alikuwa na homa tangu jana yake. Mpokezi wake, Sopan kinyozi, alikuwa amebaki kwenye kibanda cha chai akichaji simu. Mvua ilinyesha, barabara ikawa tope tupu, na ghafla magoti ya mzee yakalegea. Zeze likainama. Wanaume wakapiga kelele, "Sopan! Sopan yuko wapi?" lakini mikono yao ilikuwa imejaa matoazi na akili zao zimejaa Sopan.

Sarubai akamsukumia shoga yake Hirabai chungu, akapenya katikati yao.

"Nipe, kaka."

"Wewe?" Bhikoba akahema.

"Mimi au tope. Chagua."

Mzee akalitazama tope, akamtazama yeye, akampa. Sarubai akamgusa miguu, na mzee, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka, akainama akamgusa yake, kisha akakaa pembeni ya barabara akapumua.

Tatyaba akaja mbio kutoka mbele, mtu mzito, kanzu imemgandia tumboni.

"Umetusaidia, mama. Mungu akulipe. Sasa mpe Sopan, yule anakuja."

"Mwache amalize chai yake, isipoe."

Wanawake wakacheka. Tatyaba hakucheka.

"Usilete mzaha. Hili ni jambo la dini!"

"Ndiyo maana simpi."

"Kwenye kundi letu hajawahi kuingia mwanamke Pandharpur na zeze!"

"Basi leo utaona, Tatya, uende ukawasimulie wajukuu."

Aliogopa, siwezi kukuficha. Mtu akifukuzwa kundini hana hema, hana jiko, na kijijini hasalimiwi. Lakini maji alishayavulia nguo. Alikaza mkanda wa zeze begani na kupaza sauti ili wa mbele na wa nyuma wamsikie.

"Siku kumi na nane mnaitana Mama! Hata mwenye ndevu mnamwita Mama, mnamgusa miguu. Leo mama mwenyewe kashika zeze, mmekunja nyuso kama mliolamba ndimu. Anayetaka kuninyang'anya aje. Ila mjue, aliyenyang'anya zeze ndiye atakayemweleza Vithoba, si mimi."

Hakuna aliyekuja. Sarubai akaanzisha wimbo, ule ule ambao Bhikoba huukosea, na mstari wa tatu akauimba sawasawa. Matoazi kimya. Akaimba ubeti wa pili peke yake, na wa tatu peke yake, akaanza kutembea. Wa kwanza kushindwa alikuwa mpiga ngoma, mtu ambaye mikono yake haijawahi kusikiliza amri ya kiongozi. Ngoma ilipolia, matoazi yakafuata moja moja, mengine kwa aibu, na kundi zima likasogea nyuma ya mwanamke.

Mjini walijaa mahujaji wa kila wilaya. Hao hawakuuliza ni nani. Waliona zeze, wakainama, wakamgusa miguu yenye tope na malengelenge. Sarubai alilia waziwazi na hakuacha kuimba.

Kwenye ngazi ya kwanza ya hekalu kundi likasimama. Tatyaba akanyoosha mikono.

"Tumefika. Umepata ulichotaka. Lete, mlangoni nilipeleke mimi."

Sarubai akamwangalia, akamgeukia Hirabai.

"Shika."

"Mimi?" Hirabai akaruka. "Sijui hata kuimba!"

"Miaka kumi na tisa unanipigia makelele sikioni, leo hujui? Tua vyungu hivyo, mpe Tatya."

Hirabai akampa Tatyaba vyungu viwili, na kwa mshangao Tatyaba akavipokea. Sarubai akamvisha shoga yake mkanda, akapiga magoti, akagusa miguu yake. Wanawake wakafuata. Bhikoba, aliyeletwa kwa mkokoteni, akafuata. Wapiga matoazi wakatazamana, wakafuata. Akabaki Tatyaba, chungu mkono huu na chungu mkono huu, masikio yamemwiva.

"Mwakani hutembei na sisi," alisema. "Nikirudi kijijini, jambo la kwanza ni daftari la kundi. Nalifuta jina lako."

"Utafuta lipi? Umeandika 'mjane wa Ganpat'. Ganpat ana miaka ishirini na saba tangu maiti yake ichomwe, mfute tu, hatakuuliza." Sarubai akafunga vizuri ncha ya sari yake kiunoni. "Mimi naitwa Sarubai. Niandike kwanza, Tatya, ndipo unifute."